Chuma au Upanga? Uhakiki wa Kitabu cha The Technological Republic na Hukumu ya Mtaji Uendao Kwenye Silaha



Kijana mmoja tuliyemsomesha nahau na fiqhi miaka iliyopita, ambaye leo anaishi Ujerumani na kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, ametuletea kitabu na swali. Kitabu ni The Technological Republic, kilichoandikwa na Alexander Karp na Nicholas Zamiska, kikatoka Marekani mwezi Februari 2025. Na swali lake ni hili: "Sheikh wangu, nimeitwa kazini na kampuni changa inayotengeneza programu za kuongozea ndege za kivita zisizo na rubani. Mshahara ni karibu mara mbili ya ninaopata sasa, na juu yake nitapewa hisa. Mama yuko Tanga na ananitegemea. Wenzangu wamenipa kitabu hiki wakisema kitaniondolea wasiwasi. Nimekisoma, na wasiwasi haujaondoka. Je, hisa hizi ni halali?"

Tumeona ni vyema kulijibu swali hili hapa, kwa kuwa si la kijana huyu peke yake. Watoto wetu wengi wamesoma fani hizi, na fedha zinazomiminika humo ni nyingi. Na kwa kuwa kitabu ndicho kilicholetwa kama hoja, tutaanza nacho, tukipe haki yake, kisha tuje kwenye hukumu.

MTAJI WA AINA HII NI UPI?

Ndugu msomaji, yapasa kwanza tukifahamu kitu kabla ya kukihukumu, kwani wanazuoni wetu wamesema kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukitambua. Kampuni changa haina mali ya kuweka rehani wala historia ya kuonesha benki. Hivyo hutafuta watu wa kuiwekea mtaji kwa kupewa hisa, si kwa mkopo. Watu hao hukusanya fedha za wengine: mifuko ya pensheni, matajiri na mifuko ya serikali. Desturi ya mfuko kama huo ni kuishi miaka 10 hivi. Wasimamizi wake huchukua takriban asilimia 2 ya fedha kila mwaka kama ujira, na asilimia 20 ya faida. Kampuni nyingi wanazoziwekea fedha huanguka, na moja au mbili zikifanikiwa sana hufidia zote.

Mwanzo wa biashara hii ulikuwa karibu na jeshi. Georges Doriot, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa kampuni ya American Research and Development mwaka 1946, alikuwa mwalimu wa chuo cha Harvard na jenerali katika jeshi la Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Baadaye fedha hizi zikaelekea zaidi kwenye biashara za kiraia, na leo zimerudi kwenye silaha kwa nguvu. Mwezi Juni 2025 kampuni ya Anduril ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2017, ilipata dola bilioni 2.5 na kuthaminiwa dola bilioni 30.5. Kati ya hizo, dola bilioni 1 zilitoka Founders Fund, mfuko wa Peter Thiel. Mwezi huohuo kampuni ya Helsing ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 2021, ilipata yuro milioni 600, na aliyeongoza ni mfuko wa Daniel Ek, mwasisi wa Spotify. Nao umoja wa kijeshi wa NATO ulikwisha kuanzisha mfuko wake wa aina hii wenye yuro bilioni 1.

Kwa sura ya nje, ubia huu unafanana na mudharaba: mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi, na faida hugawanywa kwa fungu lililokubaliwa. Mtume (s.a.w.) alifanya biashara kwa mali ya Bibi Khadija (r.a.) kabla ya utume, na umma umeafikiana juu ya uhalali wa muamala huu. Kwa hiyo hatusemi kwamba mtaji wa ubia ni haramu kwa asili yake. Suala ni unakwenda wapi na kwa masharti gani.

KITABU KINASEMA NINI?

Karp ni miongoni mwa waasisi wa Palantir na ndiye mtendaji wake mkuu. Zamiska ni ofisa na mwanasheria katika kampuni hiyohiyo. Palantir ilianzishwa mwaka 2003, na miongoni mwa walioiwekea fedha za mwanzo ni In-Q-Tel, mfuko ulioanzishwa mwaka 1999 kwa ajili ya shirika la ujasusi la CIA. Kazi yake ni programu zinazokusanya taarifa kutoka vyanzo vingi na kuziweka mbele ya mwenye kuamua, awe daktari, polisi au kamanda wa vita.

Madai ya kitabu ni kwamba wahandisi wa California wamesahau walikotoka. Baba zao walifanya kazi pamoja na serikali, wakatengeneza makombora na mitambo ya anga. Watoto wakaelekeza akili zao kwenye matangazo ya biashara, michezo na kutumiana picha. Wakati huohuo, wanasema, zama za bomu la atomiki kuwa ndilo linalozuia vita zinakwisha, na zama za akili bandia zinaingia. Kwa hiyo Marekani na washirika wake waanze juhudi kubwa kama ile iliyozaa bomu la atomiki, safari hii kwa silaha za akili bandia. Waandishi wanawalaumu wafanyakazi wa Google ambao mwaka 2018, kwa maelfu, walipinga kampuni yao kulisaidia jeshi kuchambua picha za ndege zisizo na rubani, hata kampuni ikaamua kutouendeleza mkataba. Kwao huo ni udhaifu wa imani. Nao wanatoa mfano wa askari anayeomba bunduki bora: yapasa atengenezewe, na programu nazo ni hivyohivyo.

TUNAYOKUBALIANA NAYO

Insafu ni wajibu hata kwa usiyeafikiana naye. Waandishi wamesema kweli kwamba akili bora za kizazi kizima zimetumika kuwafanya watu wabofye matangazo. Sisi walimu wa madrasa tunaliona hilo katika macho ya watoto wetu yaliyochoka kwa simu. Wamesema kweli pia kwamba watu wasio na uwezo wa kujilinda huwa mawindo. Qur'ani Tukufu katika Surat Al-Anfal, aya ya 60, inawaamrisha Waislamu kuandaa nguvu kwa kadiri wanavyoweza. Sheria yetu haijapata kudai kuwa kutengeneza silaha ni najisi. Sahaba Khabbab bin al-Aratt (r.a.) alikuwa mhunzi Makka, na imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba alimtengenezea upanga al-As bin Wail, aliyekuwa mshirikina, akaenda kumdai ujira wake.

Basi anayedhani tutamjibu kijana wetu kwa neno moja, kwamba silaha ni haramu, hajaisoma fiqhi. Lakini anayedhani kuwa kwa sababu si haramu kwa asili yake basi ni halali kwa kila hali, naye hajaisoma.

SHAHIDI ANAYEJIVUTIA MANUFAA

Kasoro ya kwanza ya kitabu ni ya shahidi mwenyewe. Mafakihi wameweka kanuni kwamba ushahidi wa mtu unaomletea manufaa yeye mwenyewe haukubaliwi. Mwandishi anasema taifa linunue programu za vita, na yeye ndiye muuzaji. Mwezi Agosti 2025, miezi sita baada ya kitabu kutoka, jeshi la nchi kavu la Marekani lilitia saini na Palantir makubaliano yanayoweza kufikia dola bilioni 10 kwa muda wa miaka 10. Hatumtuhumu nia yake, kwani nia ni siri baina ya mja na Mola wake. Tunasema tu kwamba kadhi asingeutegemea ushahidi huu peke yake, na kijana anayetaka kuondolewa wasiwasi asiuegemee pia.

CHUMA NA UPANGA

Kasoro ya pili ndiyo kubwa. Kitabu kinazungumza mno juu ya imani, lakini hakisemi lolote la kutosha juu ya mipaka. Kinauliza nani atatengeneza silaha, wala hakikai kwenye swali ambalo mafakihi wetu walianza nalo: anauziwa nani?

Imam Bukhari katika Kitabu cha Biashara ameweka mlango wa kuuza silaha wakati wa fitina na wakati usio wa fitina. Akataja kwamba sahaba Imran bin Husayn (r.a.) alichukia kuziuza wakati wa fitina. Kisha akaleta hadithi ya Abu Qatada (r.a.), aliyeuza deraya aliyoipata katika vita vya Hunayn akanunulia shamba. Tazama fiqhi ya Bukhari: chombo ni kilekile cha vita, lakini hali ya mnunuzi na ya wakati inabadilisha hukumu.

Wenye madhehebu wakafafanua. Kwa Imam Nawawi katika Minhaj, kumuuzia silaha adui aliye vitani na Waislamu hakusihi kabisa. Ama kumuuzia zabibu mbichi mtu ajulikanaye kuwa atakamua pombe ni haramu, ingawa mkataba wenyewe unasimama, na kumuuzia silaha mnyang'anyi wa njiani kumefuata mkondo huo. Ibn Qudama katika al-Mughni ameona biashara ya namna hiyo ni haramu na mkataba ni batili. Al-Marghinani wa madhehebu ya Hanafi katika al-Hidaya amechukia kuwauzia silaha watu wa fitina, akaruhusu kuuza katika soko la mji kwa mtu asiyejulikana kuwa ni wao. Akaongeza kuwa kinachochukiwa ni kuuza silaha yenyewe, si kitu kisichopigana mpaka kiingie kazi ya mkono mwingine. Mfano wake ni ubao: ala za muziki huchukiwa kuuzwa, lakini mbao hazichukiwi.

Hapa ndipo penye shubha inayowapumbaza wengi. Watu husema: "Sisi hatuuzi silaha, tunauza programu. Programu ni kama chuma, na mwenye kuifanya upanga ni mwingine." Maneno haya yangekuwa na uzito kwa anayeandika programu ya kuhesabia mishahara, ambayo jeshi nalo likainunua. Lakini anayeandika programu ya kuitafuta shabaha na kuifuata hajauza chuma. Na wa kwanza kulikiri hilo ni waandishi wenyewe, walipoifananisha programu na bunduki. Hawawezi kuiita bunduki wanapodai heshima, kisha wafuasi wao wakaiita chuma wanapoulizwa dhima.

Pana tofauti nyingine ambayo mafakihi wa zamani hawakuwa na haja ya kuizungumza. Mhunzi akishauza upanga, kazi yake imekwisha. Hajui umekwenda wapi, wala upanga haurudi kwake kila wiki kunolewa. Programu sivyo. Huhuishwa mara kwa mara, hurekebishwa kwa taarifa za vitani, na Palantir imejulikana kwa desturi ya kuwapeleka wahandisi wake wakae pamoja na mteja wanapofanya kazi. Basi ile ruhusa ya al-Marghinani, iliyojengwa juu ya kutomjua mnunuzi, haimfikii mtu wa aina hii. Yeye anamjua mnunuzi kwa jina, anajua anachokifanya, na anaendelea kumhudumia. Mwezi Januari 2024, vita vya Ghaza vikiendelea, Palantir ilikubaliana na wizara ya ulinzi ya Israel kuipatia teknolojia kwa shughuli zake za vita. Hakuna wa kusema kwamba muuzaji hakujua. Na Surat Al-Maida, aya ya 2, imeamrisha kusaidiana katika wema na uchamungu na kukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Msaada unaoendelea ni mzito kuliko mauzo yaliyokwisha.

NANI ALIYEPIGA?

Katika Majalla, sheria za dola ya Uthmaniya zilizokusanywa karne ya 19 kwa madhehebu ya Hanafi, kifungu cha 90 kinasema kwa maana yake kuwa mtendaji wa moja kwa moja na msababishaji wakikutana, hukumu humwendea mtendaji. Kwa kanuni hii mhunzi alisalimika: aliyeua ni mwenye kushika upanga. Mwekezaji naye hupenda kujificha hapo.

Lakini silaha zinazotengenezwa leo zinaelekea kupunguza mkono wa mwanadamu. Mashine ikijichagulia shabaha, mtendaji ni nani? Mashine haina akili wala haikukalifishwa, hailipi diya wala haitubu. Mtu anaweza kusema kuwa ni kama mnyama, na hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim imeeleza kuwa jeraha la mnyama halina fidia. Tunajibu: wanazuoni wamelifahamu hilo kuwa ni mnyama aliyeponyoka mwenyewe. Ama aliyempanda, anayemswaga au aliyemchochea amdhuru mtu, huyo hubeba dhamana. Mashine hii haikuponyoka. Imeundwa, imefundishwa na kutumwa. Mtendaji asiyeweza kubeba hukumu akiwa ndiye aliyebaki mbele, hukumu hurudi kwa waliomtuma na waliomfundisha kwa kujua. Kila hatua inayomwondoa askari inamsogeza mhandisi karibu na damu, na nyuma ya mhandisi yuko mwenye mtaji.

FAIDA BILA DHAMANA

Kifungu cha 87 cha Majalla kinafunga hasara na faida pamoja: anayekula faida ndiye anayebeba hasara. Tuipime biashara hii kwa mizani hiyo.

Katika mali, wawekezaji wa mtaji huu kwa kawaida huchukua hisa zenye upendeleo. Kampuni ikiuzwa au ikifilisika, wao hurejeshewa kwanza, na wafanyakazi wenye hisa za kawaida hugawana kilichobaki. Taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, inayoweka viwango vya kisheria vya fedha za Kiislamu, imekataza katika kiwango chake cha 21 hisa zenye upendeleo wa kifedha wa namna hiyo, kwa kuwa zinavunja ushirika wa faida na hasara. Kijana wetu ajue kwamba hisa atakazopewa yeye huenda zikawa za mwisho katika mstari.

Katika damu, jambo ni zito zaidi. Mfuko unahitaji kampuni moja ikue mara nyingi ndani ya miaka 10. Kampuni ya dawa hukua kwa wagonjwa kupona. Kampuni ya silaha hukua kwa maagizo, na maagizo huja kwa khofu na kwa vita. Mwekezaji akikosea hupoteza fedha alizoziweka. Mashine ikikosea, anayepoteza ni mtu wa kijiji asiyewahi kusikia jina la kampuni ile wala kupewa hisa hata moja. Na fitina za leo tunaziona. Vita vya Sudan, vilivyoanza Aprili 2023 baina ya Waislamu kwa Waislamu, vimepiganwa na pande zote mbili kwa ndege zisizo na rubani. Alichokichukia Imran bin Husayn (r.a.) kingali hai.

Atasema mwenye mali: "Mimi nimeweka fedha tu, anayechagua ni msimamizi." Jawabu lake limo ndani ya mudharaba. Mafakihi wamejuzisha mwenye mali kuweka masharti juu ya mfanyakazi, na akiyavunja hubeba dhamana. Imepokewa kuwa al-Abbas (r.a.), ami yake Mtume, aliwawekea masharti wafanyabiashara wake juu ya bahari, mabonde na wanyama. Mapokezi yake ni dhaifu, lakini maana yake imefanyiwa kazi. Mifuko ya leo nayo hukubali mwekezaji mkubwa kuomba kwa maandishi asihusishwe na uwekezaji fulani. Hivyo mifuko ya mataifa ya Kiislamu haina udhuru wa kunyamaza. Mwaka 2023 Sanabil, mali ya Mfuko wa Uwekezaji wa Saudia, ilitangaza washirika wake, na miongoni mwao ni Andreessen Horowitz, ambayo ni katika wawekezaji mashuhuri wa kampuni za ulinzi. Kuwamo katika orodha si ushahidi kwamba fedha ile ilinunua silaha. Lakini mwenye amana ya umma anawajibika kuuliza na kuweka sharti. Hata orodha za hisa za Dow Jones Islamic Market, zilizoanza mwaka 1999, ziliziweka kando kampuni za silaha.

JIBU LETU KWA MWENYE KUULIZA

Ewe mwanangu, hukumu ya hisa zako inafuata hukumu ya kazi yako, na kazi yako inafuata mambo matatu.

La kwanza ni mnunuzi. Ikiwa anajulikana kwa dhulma, au ni upande katika fitina, basi kazi na hisa ni haramu, na ukubwa wa mshahara haubadilishi kitu. Haja ya mama ni kubwa mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini wewe una kazi nyingine unayoila kwa halali, kwa hiyo dharura haijathibiti.

La pili ni chombo. Anayeandika programu ya kuyadungua makombora yanayoangukia miji, au ya kutafuta mabomu yaliyozikwa ardhini, hayuko sawa na anayeandika programu ya kuwinda watu. Ya kwanza tunaona inajuzu kwa sharti la mnunuzi tulilolitaja.

La tatu ni kauli yako. Je, unaweza kujua kazi yako imetumikaje, na ukiona dhulma unaweza kukataa? Wale wafanyakazi wa Google wa mwaka 2018 waliolaumiwa na kitabu walikuwa na kauli hiyo, wakaitumia. Si Waislamu wote, lakini walilolifanya sisi tunaliita wara'i. Mwezi Februari 2025 kampuni yao iliondoa katika kanuni zake ile ahadi ya kutojihusisha na silaha. Jifunze hapo kwamba ahadi ya kampuni si ngao ya dini yako.

Kama hukujibiwa maswali haya, basi umo katika mambo yenye kutatiza, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayejiepusha nayo ameisalimisha dini yake na heshima yake.

Kijana aliyapokea maneno haya, akaiandikia kampuni ile akiuliza majina ya wanunuzi. Wakamjibu kwa adabu kwamba jambo hilo huelezwa mtu baada ya kutia saini, tena si kwa kila daraja. Hakutia saini. Mama yake anaendelea kupata kile alichokuwa akikipata.

Ama kitabu, tunawashauri wanafunzi wa elimu wakisome, kwani kinaonesha wazi wapi fedha na akili za dunia zinaelekea. Wakisome wakiwa na Bukhari mkononi, katika ule mlango wa silaha, wapate kuliona swali ambalo waandishi wameliruka.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake ndiko kunakoombwa taufiki.